Colson Whitehead au Jesmyn Ward: Tuanze na Nani?

Swali lilinifikia saa nne usiku, ujumbe kutoka kwa muuguzi wa kikundi chetu cha kusoma: "Shikamoo kaka. Miezi mitatu ijayo tumekubaliana tusome mwandishi mmoja wa Marekani aliye hai. Wengine wanataka Whitehead, wengine Ward. Wewe umewasoma wote. Tumchukue nani?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Nikaanza tena. Ilipofika saa sita nilikuwa nimejaza kurasa nne za daftari. Haya ndiyo yaliyokuwemo, nimeyapanga kidogo tu.

Kwa mwenye haraka, jibu liko hivi. Kama kikundi chenu kina watu wa ladha tofauti, na baadhi hawajazoea kumaliza riwaya nzima ya Kiingereza, anzeni na Colson Whitehead, na kitabu kiwe The Nickel Boys. Kama unasoma peke yako, una nafasi ya kutulia, na unatafuta kitabu kitakachokaa mwilini mwako kwa wiki kadhaa baada ya kukifunga, mchukue Jesmyn Ward, Salvage the Bones. Mimi nampenda Ward zaidi na sitalificha hilo. Ila kumpenda mwandishi ni jambo moja, na kumpendekeza kwa watu tisa wenye kazi na watoto ni jambo jingine.

Tuyaondoe kwanza mambo ya tuzo, maana ndiyo watu hukimbilia. Whitehead ana Pulitzer mbili za riwaya, ya 2017 na ya 2020. Kabla yake ni watatu tu waliowahi kufika hapo: Booth Tarkington, William Faulkner na John Updike. Ward ana National Book Award mbili, ya 2011 na ya 2017, na ndiye mwanamke wa kwanza kuipata mara mbili kwa riwaya. Wote wawili wamepewa ule ufadhili mkubwa wa MacArthur, yeye Whitehead mwaka 2002, Ward mwaka 2017. Maktaba ya Bunge la Marekani ilimpa Whitehead tuzo yake ya riwaya mwaka 2020 akiwa na miaka 50, akawa mdogo kuliko wote waliomtangulia. Miaka miwili baadaye ikampa Ward, naye alikuwa na miaka 45. Ukiweka tuzo kwenye mizani hutapata wa kumchagua. Inabidi uangalie maisha yao, na jinsi maisha hayo yalivyoingia kwenye sentensi zao.

Mmoja wa Manhattan, mwingine wa DeLisle

Whitehead alizaliwa New York mwaka 1969 na kukulia Manhattan. Wazazi wake walikuwa na kampuni yao wenyewe ya kuyatafutia makampuni mengine viongozi. Alisoma shule ya kulipia, na majira ya joto familia ilihamia Sag Harbor, kule pwani ya Long Island, mahali ambapo familia za Wamarekani weusi wenye uwezo zilikuwa na nyumba zao za mapumziko. Akaenda Harvard, akahitimu mwaka 1991, akapata kazi kwenye gazeti la Village Voice akiandika tahakiki za vitabu, muziki na vipindi vya televisheni. Riwaya aliyoiandika mwanzo kabisa ilikataliwa na wachapishaji, na wakala wake akaachana naye. Akakaa akaandika nyingine. Hiyo ndiyo The Intuitionist ya mwaka 1999, na tangu hapo hajarudi nyuma.

Ukiyaangalia maisha hayo kutoka mbali, ni njia iliyonyooka. Mtu aliyekulia kwenye vitabu akawa mtu wa vitabu. Kwa Ward hakuna kilichonyooka.

Alizaliwa California mwaka 1977, na alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake wakarudi kwao DeLisle, Mississippi, kimji kidogo karibu na Ghuba ya Mexico. Mama yake alifanya kazi za ndani kwa familia ya wazungu wenye mali, na ni mwajiri huyo aliyemlipia binti ada ya shule ya kulipia, shule ambayo kwa muda mrefu alikuwa msichana mweusi peke yake. Fikiria mtoto anayekaa darasani na watoto wa watu ambao mama yake anawafulia. Hilo hajaliacha, limo katika kila kitabu chake kwa namna moja au nyingine. Akawa wa kwanza katika familia yao kwenda chuo kikuu, na chuo chenyewe kikawa Stanford, akachukua shahada mbili.

Oktoba 2000, dereva mlevi alimgonga mdogo wake wa kiume kwa nyuma barabarani, kijana akafa. Dereva alifungwa kwa kosa la kukimbia eneo la ajali. Kwa kifo chenyewe hakushtakiwa. Ndani ya miaka minne, kati ya 2000 na 2004, Ward alizika vijana watano wa kiume aliokua nao, huyo mdogo wake akiwa wa kwanza. Kitabu chake cha kumbukumbu, Men We Reaped cha mwaka 2013, kinawasimulia wote watano, na kimepangwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine: habari za ukoo na kijiji zinakwenda mbele, habari za vifo zinarudi nyuma, hadi pande mbili zinakutana kwenye kifo cha mdogo wake. Unakuwa unajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba atakufa, na bado unapofika pale unataka kumzuia asitoke nyumbani.

Halafu Katrina. Mwaka 2005 Ward alikuwa amemaliza shahada ya uandishi Chuo Kikuu cha Michigan, amekuja nyumbani DeLisle. Tarehe 29 Agosti kimbunga kikaingia. Maji yalipanda ndani ya nyumba ya bibi yake, familia ikatoka ikipita majini, ikaingia kwenye magari ikitafuta kanisa la kujihifadhi, ikaishia kwenye shamba lililojaa matrekta. Wenye shamba, wazungu, walikuja wakawaona, wakasema nyumbani kwao hakuna nafasi. Wakabaki nje kwenye magari, upepo ukivuma, mpaka baadaye familia nyingine, ya wazungu pia, ikawapokea. Baada ya hapo Ward hakuweza kuandika hadithi kwa miaka mitatu. Alipata kazi ya kufundisha New Orleans, na kila siku barabarani alipita katikati ya magofu ya nyumba. Mwaka 2008 alikuwa ameshakaribia kujiandikisha masomo ya uuguzi, aachane na uandishi kabisa, ndipo mchapishaji mdogo mmoja akaikubali riwaya yake ya kwanza, Where the Line Bleeds.

Nilipomwandikia muuguzi wetu habari hiyo alijibu papo hapo: "Angekuja kwetu tungempokea."

Asiyekaa na asiyehama

Hapa ndipo naona tofauti inayopaswa kukuamulia.

Whitehead harudi alikokwisha kupita. The Intuitionist ni riwaya ya upelelezi kuhusu wakaguzi wa lifti: Lila Mae Watson, mwanamke mweusi wa kwanza katika idara hiyo, anakuta lifti aliyoikagua yeye imeanguka, na mji mzima umegawanyika kati ya wakaguzi wanaopima kwa vifaa na wale wanaohisi tu. John Henry Days, ya 2001, inamfuata mwandishi wa habari kwenye tamasha la kumkumbuka shujaa wa ngano wa wajenzi wa reli. Sag Harbor, 2009, ni kiangazi cha kijana mmoja mwaka 1985, na ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yake mwenyewe. Zone One, 2011, ni wafu wanaotembea wakisafishwa mitaani Manhattan. Akaandika hata kitabu cha mchezo wa poka. Kisha reli ya watumwa katika The Underground Railroad, kisha shule ya maadilisho ya Florida katika The Nickel Boys, kisha Harlem Shuffle ya 2021 na Crook Manifesto ya 2023, zinazomfuata Ray Carney, muuza fanicha wa mtaa wa 125 anayepitisha pembeni mali za wizi. Carney ndiye mtu pekee aliyemrudia. Kila mara anachukua aina ya hadithi ambayo watu wanaijua, anaingia ndani yake, anabadilisha injini.

Ward amekaa mahali pamoja. Riwaya zake tatu za mwanzo zote ziko Bois Sauvage, kimji cha kubuni chenye misonobari, udongo mwekundu, kinamasi na bahari karibu, na yeyote anayeijua DeLisle anaitambua. Mtu wa riwaya moja anapita kwa mbali katika riwaya nyingine, kama jirani anavyopita mbele ya kibaraza. Hata alipopata jina na mishahara ya vyuo, alirudi kuishi DeLisle, na kazi yake ya kufundisha iko Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans.

Kwa msomaji maana yake ni hii. Ukimaliza kitabu kimoja cha Whitehead na ukakipenda, kinachofuata kinaweza kukushangaza kwa uzuri au kukuangusha. Ukimaliza kimoja cha Ward na ukakipenda, vyote vitakufaa. Na ukishindwa kimoja cha Ward, usijilazimishe na cha pili.

Lugha yenyewe

Watu wengi wanaoniuliza swali hili, wanachotaka kujua hasa ni hiki: Kiingereza chake nitakiweza?

Whitehead wa The Nickel Boys anaandika sentensi kavu, nyingi fupi, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani bila kupandisha sauti. Chukua tukio la mwanzoni kabisa. Elwood Curtis analelewa na bibi yake Tallahassee, Florida, miaka ya sitini inapoanza. Bibi anafanya usafi hotelini, na mtoto anashinda jikoni na wasafisha vyombo. Muuzaji mmoja msafiri ameacha chumbani seti ya ensaiklopidia. Jikoni wanapanga mashindano ya kukausha sahani: atakayemaliza rundo lake kwanza anachukua vitabu. Elwood anakausha kama mwenye wazimu, anashinda, anavibeba nyumbani mzigo mzima. Juzuu la kwanza lina maneno. Anafungua la pili: kurasa tupu. La tatu: tupu. Zilikuwa nakala za kuonyeshea wateja tu. Na miaka inapita kabla hajaanza kujiuliza kama wale watu wazima wa jikoni walimwachia ashinde.

Hakuna neno gumu hapo. Hakuna anayelia. Lakini riwaya yote imeshasemwa: mtoto anayeamini kwamba ukifuata sheria na kufanya bidii utapata unachoahidiwa, na nchi iliyompa karatasi nyeupe. Kitabu chenyewe kina kurasa mia mbili na kidogo. Nilikimaliza kwa siku tatu, nikakirudia wiki hiyo hiyo kwa sababu ya jambo linalofichuliwa mwishoni ambalo sitalitaja.

Ward ni mtu wa tashbihi. Sentensi yake inatoka, inaona kitu, inakifananisha na kingine, na kabla hujapumua inakifananisha tena. Ndani yake kuna lahaja ya weusi wa Mississippi, vitenzi visivyofuata sarufi ya shuleni, majina ya miti na ndege ambayo hutayakuta kwenye kamusi ya mfukoni. Kurasa 30 za kwanza ni ngumu. Ninachowashauri watu ni wasome kwa sauti. Nilikuwa nikisoma Salvage the Bones chumbani mlango umefungwa, nikaanza kusoma kwa sauti ili nisipotee, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sentensi zile zimeandikwa kwa ajili ya sikio. Tangu hapo sikukwama tena.

Ni riwaya ya sura 12, na kila sura ni siku moja. Siku kumi za kungoja, ya kumi na moja kimbunga kinafika, ya kumi na mbili ni asubuhi yake. Inaanza na mbwa anayezaa. China, jike jeupe la kupiganishwa, anazaa bandani huku mwenyewe, kijana anayeitwa Skeetah, amepiga magoti mbele yake, na ndugu zake wote wamesimama wanaangalia. Msimulizi ni dada yao Esch, msichana pekee katika nyumba ambayo mama alifariki akimzaa kitinda mimba, na baba anakunywa. Esch ana mimba na hajamwambia mtu. Unafuata chakula cha mbwa, dawa ya minyoo ya watoto wa mbwa, mbao za kuziba madirisha, na wakati wote redio inasema kuna kitu kinakuja kutoka Ghubani. Kimbunga kinapofika unakuwa umeshaijua kila kona ya nyumba ile, kwa hiyo maji yanapoingia unajua yamefika wapi.

Sijasoma maelezo ya gharika yaliyonishika kuliko yale. Na nimekwishasema Ward alitoka wapi siku ile.

Jozi mbili za kuweka mezani pamoja

Bahati nzuri kwa anayelinganisha ni kwamba hawa wawili wamegusa mambo yale yale mara mbili, bila kupangana.

Jozi ya kwanza ni ya wavulana walioharibiwa na serikali. The Nickel Boys imetokana na shule ya kweli, Dozier, ya Marianna, Florida. Ilifunguliwa mwaka 1900 ikiwa ya kurekebisha watoto watukutu, ikafungwa mwaka 2011. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba eneo lake walikuta makaburi 55, mengi kuliko yale rekodi za shule zilivyokiri. Kulikuwa na jengo la kuchapia watoto lililoitwa White House. Whitehead ameliacha na jina lake. Yeye hakuwahi kuisikia shule hiyo hadi mwaka 2014, aliposoma habari za makaburi. Akaandika kama mtu aliyeshtuka kwamba hakuijua.

Sing, Unburied, Sing ya Ward, mwaka 2017, inakwenda Parchman, shamba la gereza la serikali ya Mississippi lililoanza mwaka 1901, wafungwa wakilima pamba kama babu zao watumwa. Inaanza siku Jojo anatimiza miaka 13. Babu yake, anayemwita Pop, anamchukua wakachinje mbuzi wa sherehe. Sisi tuliotumwa kushika miguu ya mbuzi asubuhi ya sikukuu tunaujua ukurasa ule kabla ya kuusoma: mtoto anakaza uso ili mzee amwone mwanamume, mzee anafanya kazi bila maneno mengi, halafu harufu ya matumbo inapanda, mtoto anatoka nje kutapika. Kisha mama yake Jojo, Leonie, mtumiaji wa dawa za kulevya, anawapakia watoto kwenye gari kwenda kaskazini kumchukua baba yao mzungu anayetoka gerezani. Wanaporudi wamempakia na mwingine ambaye Jojo tu na mdogo wake wanamwona: Richie, mvulana aliyefungwa Parchman akiwa na miaka 12, enzi za ujana wa Pop, ambaye bado hajui alikufaje.

Kwa Whitehead mfu yuko chini ya ardhi na kazi ni kumfukua, kumhesabu, kumpa jina. Kwa Ward mfu amekaa kiti cha nyuma cha gari na anauliza maswali. Ukikulia katika nyumba ambayo wazee wanamwaga maji kidogo ardhini kabla ya kunywa, huhitaji kuelezwa kwa nini Richie yuko pale. Katika jozi hii naona Ward ameshinda, ingawa The Nickel Boys ndiyo iliyobanwa vizuri zaidi, hakuna sentensi ya kuondoa.

Jozi ya pili ni ya utumwa, na hapa nampa Whitehead. The Underground Railroad ya 2016 inachukua jina la ile mitandao ya siri iliyowasaidia watumwa kutoroka, na kuligeuza kuwa treni halisi chini ya ardhi, yenye mataruma na vituo. Cora anatoroka shamba la Georgia, na kila jimbo analoshukia ni Marekani nyingine. South Carolina madaktari wanawatazama weusi wenye kaswende bila kuwatibu, jambo lililofanyika kweli Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972. North Carolina imeamua kutokuwa na mtu mweusi hata mmoja, na Cora anaishi darini, akichungulia kwenye tundu sherehe ya kila Ijumaa uwanjani. Whitehead alipata wazo hili mwaka 2000 akaliweka kando kwa miaka mingi kwa kuhisi hajakomaa. Kungoja kwake kumelipa. Baadhi ya sura zinatanguliwa na matangazo ya kweli ya magazeti ya zamani ya kutafuta watumwa waliotoroka, na mengine yanaumiza kuliko hadithi.

Let Us Descend ya Ward, 2023, ina Annis, aliyezaliwa na mtumwa kwa bwana wake, anayeuzwa na kutembezwa kwa miguu akiwa amefungwa hadi New Orleans. Mama yake alimfundisha kupigana kwa mkuki usiku msituni, kwa sababu bibi yake alikuwa askari mwanamke wa mfalme wa Dahomey. Mwanzo wake ni mzuri sana. Lakini mizimu na pepo wa kitabu hiki wanaongea mno, na katikati safari inazama katika mazungumzo yao. Nasema hivi nikijua kitabu kilivyoandikwa: Januari 2020 mume wa Ward alifariki ghafla kwa ugonjwa wa mapafu, naye akakiweka kando kwa miezi kabla ya kukirudia. Majonzi hayo unayasikia, na kuna kurasa ambazo singetaka ziwe tofauti. Bado si kitabu cha kuanzia.

Kuna kitu kimoja kilichonigusa nilipoviweka viwili hivi pamoja. Bibi yake Cora aliuzwa bandari ya Ouidah. Bibi yake Annis alikuwa wa Dahomey. Leo kote huko ni nchi ya Benin. Waandishi wawili, mmoja wa Manhattan na mmoja wa Mississippi, wameanzia ufuo ule ule.

Tahadhari kabla hujanunua

Usimchukue Whitehead kwa Zone One eti kwa sababu ni wafu wanaotembea na itakuwa ya kusisimua. Kiingereza chake ni kizito kuliko vyote alivyoandika na hadithi inakwenda taratibu. Nimemwona mtu mzima akikiacha ukurasa wa 40 na kusema mwandishi huyu si wa kiwango chake, kumbe alianzia mlango mbaya. Ukitaka burudani yake, anza na Harlem Shuffle. Na jambo moja linalonisumbua kwake: mara nyingine wahusika wake wanatumikia ramani yake. Cora namheshimu, Esch nilimlilia.

Kwa Ward, Where the Line Bleeds ni ya watakaokwisha kumpenda. Pacha wawili wanamaliza sekondari, mmoja anapata kazi bandarini, mwingine anaingia kuuza dawa. Ni ya kweli na ni ya polepole. Salvage the Bones ina mapigano ya mbwa yaliyoelezwa bila kufumba macho, na ina mambo ya kimwili ya binti mdogo, kwa hiyo mwalimu anayefikiria kuipeleka darasani aisome kwanza yote. Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, The Nickel Boys inafaa zaidi, ingawa vipigo vyake ni vya kutisha.

Kuhusu skrini: The Underground Railroad imekuwa tamthilia ya vipindi kumi iliyoongozwa na Barry Jenkins mwaka 2021, na The Nickel Boys imekuwa filamu ya RaMell Ross mwaka 2024, ambayo kamera inakaa machoni mwa wahusika. Zote ni kazi nzuri. Filamu lakini itakuharibia ule mwisho, kwa hiyo soma kwanza.

Kwa hiyo nilimwandikia muuguzi: mwezi wa kwanza The Nickel Boys, mwezi wa pili na wa tatu Sing, Unburied, Sing, kwa sababu ni kosa kuwachagulia watu mmoja wakati vitabu hivi viwili vinajibizana. Kikundi kilikubali. Yeye mwenyewe hakusubiri. Aliazima nakala yangu ya Salvage the Bones, akawa anasoma kwenye mapumziko ya zamu, sura moja kwa usiku, sawasawa na siku za kitabu. Juzi asubuhi, akitoka kazini, alinitumia ujumbe: "Kaka, nimemaliza siku ya kumi. Kesho sina zamu. Ya kumi na moja nitaisoma mchana, mama akiwepo nyumbani."